Mkate wa Paris na Pamba ya Rufiji

Katika shule za sekondari za Kibiti, kama ilivyo katika shule nyingine nchini, Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 hufundishwa kwa utaratibu mzuri. Mwalimu huandika ubaoni sababu za kijamii, kisha sababu za kiuchumi: kodi, matabaka, madeni ya serikali, njaa. Kwa namna hiyo mtoto wa mvuvi wa Salale huweza kumaliza masomo yake akijua kwa nini mkate ulipanda bei mjini Paris. Lakini somo linapofika kwenye Vita vya Maji Maji, ambavyo chimbuko lake liko jirani kabisa na kwao, utaratibu hubadilika ghafula. Kodi hutajwa, pamba hutajwa, kisha muda wote uliobaki humezwa na habari za dawa: jinsi ilivyonyunyizwa, jinsi watu walivyoiamini, na jinsi ilivyoshindwa kugeuza risasi kuwa maji. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba Wafaransa waliasi kwa sababu ya kodi, na babu zake waliasi kwa sababu ya uganga.

Upotofu huo si mdogo, wala haukuzuka wenyewe. Una mtu aliyeupanda, na ana sababu zake, kama itakavyoonekana. Lakini kwanza yafaa ieleweke Wafaransa wenyewe walichoka na nini.

Ufaransa ya wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 28, na mfalme aliyedai kwamba mamlaka yake yatoka kwa Mungu na kwamba hawajibiki kwa binadamu yeyote. Kisheria watu waligawanywa katika matabaka matatu: makasisi, makabaila, na watu wengine wote. Tabaka hilo la tatu, lenye zaidi ya watu 95 katika kila 100, ndilo lililobeba mzigo. Mkulima alilipa kodi ya mfalme ambayo makabaila kwa kawaida hawakuilipa. Alilipa kodi ya chumvi. Alitoa fungu la mavuno kwa kanisa, akalipa tena kusaga nafaka yake katika kinu cha bwana wa ardhi kwa kuwa hakuruhusiwa kusaga kwingine, na mara kwa mara alitolewa shambani kwake kwenda kutengeneza barabara za mfalme bila ujira. Juu ya yote hayo palikuwa na adha moja ambayo vitabu huipita haraka, ingawa mkulima wa Rufiji angeielewa papo hapo. Makabaila walikuwa na haki ya kuwinda na ya kufuga njiwa. Njiwa hao, pamoja na wanyama waliohifadhiwa kwa mawindo ya wakubwa, walishuka katika mashamba ya wakulima wakala mbegu na mavuno, na mwenye shamba hakuruhusiwa kuwaua.

Serikali nayo ilikuwa imefilisika. Vita vingi, hasa vile vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza, viliiingiza katika madeni hata ilipofika mwaka 1788 karibu nusu ya mapato yake ilikwenda kuyalipa. Mawaziri wa Mfalme Louis wa 16 walipopendekeza kwamba makabaila nao walipe kodi kama watu wengine, makabaila walikataa katakata. Ndipo mvua ya mawe ya Julai 1788 ikaharibu mazao, baridi kali ikafuata, na bei ya mkate ikapanda hata kibarua wa mjini akawa anatumia zaidi ya nusu ya ujira wake kwa mkate peke yake.

Watu wengi hawayakumbuki hayo. Wanachokumbuka ni kisa cha Malkia Marie Antoinette, kwamba alipoambiwa watu hawana mkate alijibu wale keki. Kisa hicho ni kitamu lakini hakina msingi. Maneno ya namna hiyo yaliandikwa na Rousseau kuhusu binti mfalme asiyetajwa jina, wakati Marie Antoinette angali mtoto kwao Austria. Kisa kimedumu kwa sababu kinarahisisha mambo: badala ya kuchunguza kodi, ardhi na madeni, mtu hutosheka na upumbavu wa mwanamke mmoja. Maji ya Ngarambe yamefanyiwa kazi hiyo hiyo katika historia ya Tanzania.

Sasa na itazamwe Rufiji. Wajerumani walipokwisha kuvunja upinzani wa pwani, wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya huko Kilwa mwaka 1895, walianza kutawala kwa dhati. Gavana aliyekaa Dar es Salaam hakuwa mfalme, lakini kwa mtu wa Rufiji tofauti haikuonekana. Hakuchaguliwa na mtu yeyote wa nchi hii, sheria zake zilifika zikiwa zimekwisha kukamilika, na aliyezivunja hakuwa na pa kukata rufani. Mfalme wa Ufaransa angalau alisema lugha moja na baadhi ya raia zake.

Mwaka 1898 ilianza kutozwa kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Shabaha yake haikuwa fedha tu. Mtu asiyekuwa na rupia alilazimika kuzitafuta, na pa kuzipatia palikuwa kwenye mashamba ya walowezi na kazi za serikali. Mwaka huo huo serikali iliitwaa mikoko ya delta ikaifanya msitu wake. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilikuwa zikikatwa katika mikondo ya delta na kupakiwa majahazini hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, na biashara hiyo ililisha watu wengi. Sasa mtu alihitaji ruhusa ili akate mti pale pale alipokata babu yake. Sheria za uwindaji nazo zilibana, hali nguruwe mwitu hawakuambiwa lolote kuhusu sheria hizo. Mkulima wa mpunga katika bonde la Rufiji hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu, akaishi humo msimu mzima kuwaamia ndege na kuwafukuza nguruwe na viboko. Shamba lisilo na mlinzi kwa usiku chache si shamba tena. Njiwa wa kabaila wa Kifaransa na nguruwe wa Rufiji walikula jasho la watu wa aina moja, yaani watu waliozuiwa kujilinda.

Kisha ikaja pamba. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitaka kuepukana na pamba ya Marekani, na Gavana von Götzen, aliyeshika madaraka mwaka 1901, aliona kwamba wakulima wa pwani na wa kusini waweza kulazimishwa kuilima. Kuanzia mwaka 1902 mpango ulianzishwa wa kila jumbe kuwa na shamba moja la pamba, ambalo watu wake wote watalilima kwa zamu. Mapato yangegawanywa mafungu matatu: moja la wakulima, moja la jumbe, na moja la chombo cha serikali kilichosimamia uuzaji. Kwa karatasi, mpango huo ulionekana hata kama wa ushirika. Lakini pamba haikuja na ardhi yake wala majira yake. Ilitaka kupaliliwa na kuchumwa wakati ule ule ambapo mpunga, mtama na mahindi vilimwita mkulima, na kila siku aliyoitumia kwenye shamba la jumbe ilikuwa siku ambayo dungu lake lilikuwa tupu. Katika wilaya ya Dar es Salaam, ambako mpango ulianzia, fungu la wakulima lilipogawanywa kila mmoja alipata kiasi cha senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima. Wako waliokataa kuzipokea.

Itazamwe hesabu hiyo kwa makini, maana ndani yake mna chanzo cha vita. Kodi ya nyumba ni rupia 3. Kazi ya mwaka katika shamba la pamba haileti hata nusu ya rupia 1. Mtu amepoteza mpunga wake, na bado anadaiwa. Hapo maji yakazidi unga, na maji hayo hayakutoka katika kidimbwi cha mganga yeyote.

Wakulima wengi wa Rufiji na Matumbi hawakupata kumwona Gavana. Waliyemwona ni akida. Huyu alikuwa aghalabu mtu wa pwani, ajuaye kusoma na kuandika, aliyewekwa juu ya watu ambao hawakuwa wake. Ndiye aliyehesabu nyumba, ndiye aliyetoa watu kwenda shambani, na ndiye aliyesimamia viboko, ile hamsa ishirini ambayo jina lake limebaki katika vinywa vya wazee. Ufaransa nako walikuwako watu wa namna hiyo: matajiri walionunua kwa mfalme haki ya kukusanya kodi, wakamlipa kwanza, kisha wakakamua wananchi zaidi ya walicholipa. Chuki ya watu iliwaangukia wao kabla ya kumfikia mfalme mwenyewe. Mwaka 1794 wakusanyaji 28 wa aina hiyo walikatwa vichwa, akiwamo Lavoisier, mwanakemia ambaye ulimwengu mzima wa elimu unamheshimu. Katika Umatumbi mashambulizi ya kwanza yalimwelekea akida wa Kibata.

Mtumishi wa umma ana haki ya kusimama kidogo hapa. Akida hakuwa Mjerumani, wala si yeye aliyetunga kodi. Wako walioweza kusema kwamba walitekeleza maagizo tu, na wangesema kweli. Lakini kwa mwananchi serikali si ile iliyo makao makuu. Serikali ni yule anayefika kijijini na daftari. Ndiyo maana hata sera njema huharibika njiani. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, watu wa bonde la Rufiji walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa kwenye nchi ya juu, na nia ya operesheni hiyo haikufanana hata kidogo na nia ya von Götzen: walitakiwa wapate shule, zahanati na usalama wa maisha yao. Hata hivyo udongo wenye rutuba ulibaki bondeni, na wakulima wengi waliendelea kushuka kila msimu kwenye madungu yao, kwa sababu wajuzi wa mto huo, ambao ni wao, hawakuulizwa vya kutosha kabla ya kuhamishwa. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa ikiwafanya vijana wakimbilie porini waonapo mgambo, ilifutwa mwaka 2003, na hakuna aliyeililia. Na leo mkulima wa korosho wa Kibiti akimwuliza karani wa chama cha ushirika maana ya kila makato yaliyo kwenye malipo yake, anauliza swali lile lile la senti 35. Anastahili kujibiwa kwa tarakimu, bila kukaripiwa.

Jambo la kuulizwa ndilo linalotenganisha kidogo visa hivi viwili. Mapema mwaka 1789 Mfalme Louis, akiwa hana njia nyingine, aliitisha Bunge la Matabaka Matatu, ambalo lilikuwa halijakutana tangu mwaka 1614, akaagiza kila mahali watu waandike malalamiko yao. Yaliandikwa makumi ya maelfu ya madaftari, mengine na wanavijiji wasiojua kusoma, kwa mkono wa mwanasheria au kasisi. Humo wamo njiwa, imo chumvi, kimo kinu. Kosa la mfalme halikuwa kutojua. Alijua, kwa maandishi, kisha akashindwa kutenda.

Von Götzen hakuagiza daftari lolote. Kwa hiyo malalamiko ya Rufiji yalisafiri kwa njia nyingine, ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, yaani mnong'ono, kutoka sikio hadi sikio. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi ya Rufiji, alitangaza kwamba amepagawa na mzimu Hongo, akaanza kuwapa watu maji. Kuanzia hapo misafara ya watu ilimiminika Ngarambe kutoka pande nyingi. Wanaocheka imani yao wangefikiri kwanza shida iliyokuwapo. Watu hawa walikuwa wa makabila mbalimbali, bila mfalme mmoja, bila jeshi, bila gazeti, na baadhi yao walikuwa na ugomvi wa zamani wao kwa wao. Wangewezaje kukubaliana kitu kimoja, na kwa siri? Maji yaliwapa kiapo cha pamoja. Yalifanya kazi ambayo huko Ufaransa ilifanywa na vijitabu, mikutano na Bunge. Yalikuwa chombo cha kuunganisha hasira ambayo tayari ilikuwako, wala hayakuizaa hasira hiyo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kitendo cha kwanza cha vita. Kinjikitile alikuwa amewataka watu wangoje. Watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, walichoka kungoja, na mwishoni mwa Julai 1905 wakaingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Hawakuanza kwa kuvamia misheni wala kuua Mzungu. Walianza kwa kung'oa pamba, wakijua kwamba serikali itaelewa maana yake. Mtu anayepigania dawa hang'oi pamba.

Kinjikitile alikuwa amekwisha kukamatwa. Alinyongwa Mohoro, yalikokuwa makao ya serikali ya Kijerumani kusini mwa delta, tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe hiyo ina ajabu yake. Usiku wa 4 Agosti 1789, huko Versailles, makabaila wakitishwa na moto uliokuwa ukiteketeza ngome zao vijijini walisimama Bungeni mmoja baada ya mwingine wakaachilia haki zao za kikabaila, zikiwamo za kuwinda na za njiwa. Kalenda haina maana yoyote katika jambo hili, ni sadfa tu. Lakini mwalimu anayetafuta njia ya kuwaonyesha wanafunzi wake tofauti kati ya utawala uliolegea na utawala uliokaza kamba hatapata mfano mwingine ulio karibu zaidi na nyumbani kwao.

Wako wasomi wanaosema kwamba Maji Maji ilikuwa uasi, haikuwa mapinduzi, kwa kuwa haikuangusha serikali wala kubadili mfumo wa uchumi. Hoja yao ina uzito. Ufaransa palikuwa na tabaka la mabwanyenye, wafanyabiashara na wanasheria waliokuwa na mali na elimu lakini hawana madaraka, na hao ndio waliogeuza hasira ya wakulima kuwa katiba na sheria, wakajinufaisha nayo pia. Rufiji haikuwa na tabaka hilo. Wachache waliojua kuandika walikuwa aghalabu upande wa akida. Tena dola iliyopiganwa ilikuwa ya kigeni, yenye viwanda vya silaha ng'ambo ya bahari, na bunduki za mzinga zilipofyatuliwa Mahenge tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji walianguka kwa mamia. Yote hayo yaeleza kwa nini Louis alipoteza kichwa chake Januari 1793 na von Götzen akarudi kwao salama mwaka 1906. Hayaelezi kwa nini watu waliinuka. Sababu za kuinuka ni jambo moja, na sababu za kushinda ni jambo jingine. Kuyachanganya hayo mawili ni kumhukumu mtu mwenye njaa kwa kuwa hana panga kali.

Gharama yake inajulikana. Wajerumani walichoma vijiji na maghala ya chakula ili njaa imalize walichoanza kwa risasi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa, na mwanahistoria Gilbert Gwassa, mzaliwa wa Umatumbi, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Maelfu ya hao hawakupata kunywa maji ya Ngarambe.

Ni nani basi aliyepanda fikra kwamba sababu ilikuwa uganga? Ni Gavana von Götzen mwenyewe. Vita vikiwa bado vinaendelea, alihitaji kuwaeleza wakubwa wake Berlin, ambako wapinzani bungeni walikuwa wakihoji, jinsi koloni lililosifiwa kwa utulivu lilivyoweza kuwaka moto. Angekiri kwamba ni pamba na kodi, angekuwa amejihukumu mwenyewe. Ikasemwa kwamba ni waganga na njama zao. Maelezo hayo yakaingia katika vitabu, na kutoka vitabuni yakaingia madarasani.

Mwalimu Nyerere aliyakanusha mapema. Mwezi Desemba 1956, akizungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mjini New York, alisema kwamba watu wale hawakuinuka kwa kutishwa wala kwa kiapo cha ushirikina, bali kwa mwito wa moyo wa kutaka kujitawala. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliovikumbuka vita hivyo, na wazee wakazungumza sana habari za mashamba ya pamba, maakida na viboko. Mwaka uliofuata ilichapishwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ambayo imesomwa na vizazi vya wanafunzi katika kipindi cha fasihi. Ajabu ni kwamba mara nyingi mwalimu wa fasihi na mwalimu wa historia katika shule moja hawajapata kuketi pamoja kuzungumza juu ya mtu huyo mmoja.

Lakini ushahidi wa mwisho umo katika matendo ya Wajerumani wenyewe. Katika taarifa zao walilaumu maji. Katika utawala wao walifanya jingine. Gavana mpya, von Rechenberg, aliyefika mwaka 1906, hakurudia mashamba ya pamba ya majumbe. Yaliachwa, na mkulima akahimizwa kulima mazao ya biashara katika shamba lake mwenyewe, akauza mwenyewe. Kama kweli vita vilikuwa vya maji, ingetosha kuwanyonga waganga, na pamba ingebaki.